Kichwa Laini, Shilingi Thelathini

Belo la vitu vya watoto likifunguliwa katika soko la Kangemi, una kama dakika nne. Zikipita hizo, wanaojua wameshabeba kamera zote na wewe umebaki ukifukua fagia. Kamera, kwa nyinyi mnaonunua vitu dukani na kupewa risiti, ndicho kile kitu cha kwanza kabisa kwenye belo, safi, ambacho hata aliyekitupa huko Ulaya angekijutia akikiona tena. Fagia ni jina linalojieleza. Kati ya hivyo viwili kuna mama mwenye kibanda, wembe wake, kamba za plastiki zinazokatika moja moja, na watu kumi hivi wanaojifanya hawaangalii.

Siku ninayotaka kuizungumzia, kamera yangu ilikuwa na urefu wa kiganja, kijani iliyofifia, gamba mgongoni, kitambaa cha zambarau machoni. Donatello. Herufi D kwenye mkanda. Fimbo yake haikuwepo, lakini fimbo huwa haipo, hiyo unazoea. Nikamgeuza: mwaka 1988 na jina la Mirage Studios. Halafu nikafanya kitu ambacho mtu asiyejua hana sababu ya kukifanya. Nikambonyeza kichwa kwa kidole gumba. Kikabonyea kama chuchu ya chupa ya mtoto.

Kobe wa kwanza kabisa waliotolewa na kampuni ya Playmates mwaka huo wa 1988 walikuwa na vichwa vya mpira laini. Waliofuata wakapewa vichwa vigumu, na hao wagumu ndio waliojaa duniani. Kwa mtoto, tofauti ni ndogo. Kwa wanaume fulani wa umri wa makamo wenye kabati za vioo, tofauti ni pesa.

"Mama, hii ni pesa ngapi?"

"Hiyo ni thelathini, baba. Chukua na hiyo ndege nikufanyie zote hamsini."

Nikalipa thelathini. Ndege sikuchukua, ilikuwa fagia. Jumanne iliyofuata nilikutana na jamaa mmoja nje ya supamaketi kule Westlands, akambonyeza Donatello kichwa, akatabasamu kama mtu aliyepata habari za nyumbani, akanitumia shilingi 4,500 kwa simu hapo hapo. Nikapanda matatu kurudi Kangemi, nikakaa kiti cha mbele na dereva kama mtu wa maana. Tulipofika daraja la Kangemi nikaona kile kibanda kwa chini, yule mama ameinama anapanga soksi za watoto wachanga, na hapo ndipo raha ilianza kuniisha.

Sikuiba. Hilo niliwaambia wasee wangu jioni hiyo kibandani pa chai, na wote wakakubali, jambo lililonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hao hawajawahi kukubaliana kuhusu chochote.

*

Ngoja kwanza nieleze ni kwa nini mwanaume wa miaka 35, mwenye kodi ya nyumba, anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kutafuta kobe wa plastiki.

Tulipokuwa watoto, plot yetu yote ilikuwa na runinga moja, Great Wall ya nyeusi na nyeupe iliyofanya kazi kwa betri ya gari. Mwenyewe alikuwa mtu mwema lakini hakuwa mjinga: ndani ni shilingi mbili, dirishani ni bure. Mimi nilikuwa mtu wa dirishani. Ninja Turtles niliwaona kupitia pazia la vitambaa, kutoka pembeni, wote wanne wakiwa rangi moja ya kijivu. Kwa hiyo sisi wa Kangemi tulilazimika kuwatambua kwa silaha na kwa tabia, si kwa rangi. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba katika vitabu vya mwanzo wote wanne walivaa vitambaa vyekundu, na kwamba rangi tofauti zilikuja na katuni na wanasesere. Nikacheka peke yangu. Tulikuwa tumewaona kwa njia ya asili bila kujua.

Wanasesere wenyewe hatukuwahi kuwaona. Tulitengeneza wetu. Ukishuka mtoni, upande wa kuelekea Kawangware, kuna udongo unaoshikana vizuri ukiukanda. Kobe wa udongo anakauka kwa siku mbili juu ya mabati, na gamba lake ni kizibo cha soda. Panga za Leonardo zilikuwa vijiti vya kiberiti. Tulikuwa tayari tunajua kutengeneza magari ya waya yenye usukani mrefu, kwa hiyo kobe hawakutushinda. Shida yao moja ilikuwa kwamba wakipigana wanavunjika kweli, na vita vya saa moja vilihitaji maandalizi ya wiki.

Sasa, wale kobe walianza kama mzaha. Mwaka 1984 Wamarekani wawili, Kevin Eastman na Peter Laird, walijichapishia kitabu cha picha cha rangi nyeusi na nyeupe, nakala zipatazo 3,000. Playmates walipofuatwa watengeneze wanasesere, hawakutaka kuweka pesa zao kwa kobe wasiojulikana. Wakataka kwanza kuwe na katuni. Ndipo Desemba 1987 vikatoka vipindi vitano vya mwanzo, na mwaka uliofuata madukani wakajaa kobe wenye vichwa laini. He-Man alikuwa amepitia njia hiyo hiyo: mwanasesere wa Mattel mwaka 1982, katuni mwaka 1983. Transformers walikuwa maroboti ya kampuni ya Takara ya Japani kabla Hasbro hawajawanunua na kuwatafutia hadithi mwaka 1984. Yaani kile tulichokuwa tukikikodolea macho dirishani, kwa sehemu kubwa, kilikuwa tangazo la biashara la nusu saa.

Kuna watu wakilijua hili wanavunjika moyo. Wanaona utoto wao uliuzwa na watu wa mauzo wenye tai. Mimi naona lilitupata tofauti. Tangazo lilifika Kangemi, duka halikufika. Mtoto wa Ohio alitazama, akalia, akanunuliwa. Sisi tulitazama, na kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kununua, tangazo likabaki hadithi tupu. Lilitufanya twende mtoni kukanda udongo. Ndiyo maana nikisikia mtu akisema wakusanyaji tunanunua tena utoto wetu, najiuliza upi. Mimi Donatello wa plastiki sikuwahi kuwa naye. Ninachokitafuta kwenye belo ni kitu ambacho hakikunipotea, kwa sababu hakikunifikia. Sijui hamu ya namna hiyo inaitwaje. Ila najua inauma kama ile nyingine, na inakula pesa kama ile nyingine.

Na kuhusu jina pia. Mwaka 1964 Hasbro walipomtoa G.I. Joe, walijua baba wa Kimarekani hangemnunulia mwanawe mdoli, basi wakabuni jina lingine la kiume la kumwita, ili mvulana aweze kucheza na mdoli bila kuambiwa anacheza na mdoli. Jina hilo ndilo linalotumika hadi leo. Kiswahili hakikujisumbua. Mwanasesere ni mwanasesere, awe na gauni au awe na panga. Mama yangu alipoingia kwangu mara ya kwanza na kuona rafu, alisimama kidogo na kibeti chake mkononi, akasema, "Kumbe unacheza na wanasesere." Nilikuwa na maelezo marefu. Nikayameza.

*

Turudi kwa zile 30 na 4,500.

Swali la mtu anayejua bei kufanya biashara na mtu asiyeijua ni la zamani sana, na ajabu ni kwamba wanaolijadili karibu kila mara humpa ujuzi muuzaji. Cicero, Mrumi, anasimulia juu ya mfanyabiashara aliyefika kisiwa cha Rhodes na meli ya nafaka wakati wa njaa. Anajua meli zingine ziko njiani na bei itashuka. Awaambie watu, au auze kwanza? Diogenes wa Babeli alijibu kwamba kutosema si sawa na kuficha, na muuzaji hana deni la kumweleza mnunuzi kila anachokijua. Antipater, mwanafunzi wake, akakataa: wewe na hao wenye njaa ni watu wa jamii moja, unawezaje kunyamaza? Kibanda chetu cha chai kilikuwa na Diogenes watano.

Hoja yao si ya kudharau. Mmoja aliniuliza: bando za intaneti umenunua miaka mingapi ukisoma mambo ya vichwa laini? Nani alikulipia? Ujuzi ni jasho, na jasho lina bei. Mwingine akasema thamani ya yule kobe haiko Kangemi hata kidogo, iko kwenye kichwa cha jamaa wa kabati la kioo. Mama angekaa naye miaka kumi asingeona zaidi ya shilingi 30. Wewe ndiye ulibeba thamani kutoka huko ukaileta huku. Mtu wa tatu alileta Biblia, ule mfano katika Mathayo wa mtu aliyekuta hazina shambani, akaificha tena, akaenda kuuza vyote alivyo navyo na kulinunua lile shamba. Hakuna mahali panaposema alimwambia mwenye shamba. "Na huyo ndiye mfano wa ufalme wa mbinguni," akasema, akaagiza mandazi mengine kana kwamba kesi imefungwa.

Mtu mmoja tu hakucheka, rafiki yangu wa Mombasa anayeuza vifuniko vya simu. Alisema kwao hilo lina jina lake na hukumu yake. Mtume alikataza watu kuutokea msafara njiani na kuwanunulia wenye mali bidhaa zao kabla hawajafika sokoni wakajua bei. Na katika mapokezi ya Muslim, mwenye mali akifika sokoni na kugundua, ana hiari ya kuvunja mauzo. Nikamwambia lakini mimi nilinunua sokoni kwenyewe, peupe, saa mbili asubuhi. Akanitazama tu. "Soko lipi? Soko la huyo kobe liko wapi?"

Hilo lilinikaa. Msafara unafika Kangemi kutoka Ulaya, umefungwa kamba za plastiki, na soko la kweli la kilichomo ndani liko kwenye simu yangu. Mama anauza kando ya barabara akidhani yuko sokoni.

Baadaye nilimkuta mwingine aliyelitazama jambo kutoka upande wangu, upande wa mnunuzi, na ni mtu wa karne ya 13. Thomas Aquinas anasema muuzaji akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi akajua, mnunuzi amenunua kwa dhuluma na anapaswa kurudisha. Hakuna cha bando. Nilichopenda ni kwamba haongei juu ya huruma wala ukarimu. Anaongea juu ya kurudisha, kama mtu aliyeazima ngazi ya jirani.

Sitaki kujifanya falsafa ndiyo iliyoniamsha. Kilichoniamsha ni soksi. Nilikuwa najua yule mama analipa nini kabla hajapata shilingi 30 zangu: pesa za belo asilojua ndani mna nini, ushuru wa kila siku, mtu wa kubeba, turubai, na mvua. Belo ni kamari na yeye ndiye anayeweka dau. Mimi nakuja dakika nne za mwisho, nakula karata moja nzuri, naondoka, na yeye ananiita baba.

*

Nilimpelekea elfu moja. Si nusu, naomba mlitambue hilo, mimi pia nililitambua. Nilikuwa nimeshalipa kodi.

Aliikunja noti, akaikunjua. "Hii ni ya nini? Umeokoka?"

Nikamweleza. Alicheka hadi akashika nguzo. Mzee mzima? Na gari? Ananunua mwanasesere elfu nne na mia tano? Akamwita jirani yake wa viatu nimweleze tena. Nikaeleza tena. Wakacheka wote wawili na mimi nikacheka, na kwa muda wa dakika moja nilijiona mtu mwema sana. Kisha akaacha kucheka.

"Na zile zingine?"

"Zipi, mama?"

"Zile umekuwa ukichukua. Tangu ule mwaka wa korona."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeleta elfu moja ya kobe mmoja, na nikawa nimemfungulia daftari la miaka. Mtu asiyejua kwamba amepunjwa ana amani fulani, na mimi nilikuwa nimeivunja ili nipate yangu. Hili Antipater halitaji popote.

Basi nikafikiri dawa ya siri ni kutangaza. Wakati huo nilikuwa tayari nafanya video fupi za kuhakiki wanasesere. Naweka simu juu ya debe, naweka mwanasesere mezani, naongea Kiswahili cha mtaa: viungo vinazunguka wapi, rangi imeshika au inabanduka, jina liko wapi, feki unaitambuaje. He-Man wa kwanza, kwa mfano, kiuno chake kina springi, ukimzungusha na kumwachia anarusha ngumi, na miguu yake imeshikwa na mpira kwa ndani. Mpira ukichoka, anakaa kama mlevi. Watu walipenda hayo. Nilikuwa pia na mazoea ya kuonyesha vitu vinavyofichua safari: pajama moja niliyoipata iliandikwa Hero Turtles badala ya Ninja, kwa sababu Uingereza neno ninja lilionekana kali mno kwa watoto na likaondolewa. Ukiona hivyo, unajua belo lilipandia meli wapi.

Nikatengeneza video ya hazina za Kangemi. Nikaweka kobe wanne wenye vichwa laini, Skeletor mmoja, na Lion-O wa mwaka 1985, yule ambaye macho yake yanawaka ukimchomeka kifaa chake mgongoni, ingawa kifaa hakikuwepo na macho hayakuwaka. Nikataja bei. Nikasema wazi: mama zetu wanauza mali bila kujua, sasa wajue. Ilitazamwa kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilijisikia Aquinas.

Miezi miwili haikupita, mambo yakabadilika. Wakaja vijana wenye magari, wakaegesha kando ya barabara, wakibonyeza vichwa vya kila kitu, hadi vya midoli ya nywele. Vile vidude vilivyokuwa vinamwagwa kwenye turubai, chagua mbao, vikaanza kuning'inizwa ndani ya karatasi za nailoni. Mia mbili. Mia tano. Mia tano kwa gurudumu la gari lisilo na gari. Watoto waliokuwa wakipitia pale wakitoka shule, na mbao ya mkate iliyobaki, wakawa wanasimama mbali kidogo na kuangalia juu. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa tembo lilisifiwa, na maji hayakutiwa, ila mnywaji wa kila siku akafukuzwa kilabuni.

Na yule mama wangu alikopa kwenye chama na kununua belo zima la vitu vya kuchezea. Hakuniambia. Alitaka, nadhani, kwa mara ya kwanza awe yeye anayejua. Nilipofika wembe ulikuwa umeshapita. Nilipiga magoti nikachambua pamoja naye hadi saa saba mchana. Vilikuwa vile vidude vya bure wanavyopewa watoto kwenye mikahawa ya chakula cha haraka, mamia kwa mamia, midoli isiyo na vichwa, vipande vya reli, simu za plastiki zilizovuja betri. Hakukuwa na kobe hata mmoja. Kitu cha maana kuliko vyote kilikuwa mfuko wa vitufe.

Hakunilaumu. Alisema, "Wewe ulisema ukweli. Ni mimi nilisikia vibaya." Afadhali angenilaumu.

Kwa sababu hakusikia vibaya. Alisikia nilichosema. Kwenye ile video nilionyesha vitu sita vizuri nilivyokusanya kwa miaka mitatu, na sikuonyesha mamia ya takataka niliyopita juu yake kuvifikia. Kila neno nililolisema lilikuwa kweli. Ile siku ya Donatello nilinyamaza juu ya kitu kizuri na nikafaidika. Kwenye video nikanyamaza juu ya vitu vibaya na nikafaidika. Nilifikiri ya pili ni toba ya ya kwanza, kumbe ni yeye yule amevaa shati safi. Ndiyo shida ya kazi hii ya kuhakiki, na hata nyinyi mnaohakiki simu, viatu na mikahawa mnaijua. Anayekupa uongo unaweza kumshika. Anayekuchagulia ukweli humshiki, na mara nyingi hajijui.

Video ile niliitoa. Haikusaidia, ilikuwa imeshanakiliwa. Nikatengeneza nyingine ya dakika ishirini, ya belo lile lile, kitu kimoja baada ya kingine, bila muziki: hiki ni takataka, hiki ni takataka, hiki unaweza kumpa mtoto, hiki ni takataka. Mwishoni nikaweka hesabu ya pesa zilizoingia na zilizotoka, kwa ruhusa yake. Walioitazama walikuwa wachache sana, na mmoja akaniandikia kwamba nimeanza kuchosha.

*

Siku hizi tuna mpango. Belo likifunguliwa ananipigia, tunachambua pamoja, nikiuza kitu tunagawana sawa kwa sawa na namwonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu. Deni la chama lilikwisha Novemba. Sijui kama hesabu za nyuma zimekwisha. Hajaniuliza tena, na mimi sijathubutu kukumbusha. Wenye magari walichoka, wakahamia kwa saa za zamani. Vidude vingi vimerudi chini kwenye turubai.

Mwezi jana nilikuwa nimechuchumaa pale nikafika kwa sauti ya kicheko. Mtoto wa kama miaka minane, sweta ya shule imefungwa kiunoni, alikuwa amemshika Raphael. Alikuwa anambonyeza kichwa na kumwachia, anambonyeza na kumwachia, na uso wa kobe ulikuwa unakunjamana na kurudi.

"Kichwa yake iko laini!" akasema, akituambia sisi sote.

Kwa mkono mwingine alikuwa amebana sarafu ya ishirini. Mama akanitazama juu ya kichwa chake. Hakusema kitu, aliinua nyusi tu. Nilikuwa na majibu mawili na yote yalikuwa na mtu wa kumuumiza. Ningesema ni ya kawaida, mtoto angeenda na Raphael wake, na mimi ningekuwa nimempa zawadi kwa pesa za mtu mwingine. Nilitamani sana kulisema hilo. Niliona udongo wa mtoni, niliona pazia la vitambaa, niliona kila kitu.

"Hiyo ni kama elfu tatu, mama."

Akamchukua Raphael taratibu kutoka mkononi mwa mtoto, akamtia kwenye mfuko wa aproni. Akachakura kwenye turubai, akatoa kobe mwingine, wa ile katuni mpya ya mwaka 2012, mwembamba, rangi kali, macho meupe. "Chukua huyu, baba. Huyu ni mbao."

Mtoto alimgeuza. Akamgonga kichwa kwenye nguzo ya kibanda, ko, ko, ko. "Huyu ndiye yule wa kweli," akasema, "huyu anaweza pigana." Akaweka sarafu juu ya soksi, akaondoka akigonga kila nguzo aliyoipita hadi barabarani.

Mama akatoa Raphael kwenye aproni. "Elfu tatu?"

"Kama tatu hivi. Tukipata mtu."

"Sababu ya hiki kichwa?"

Akakibonyeza. Akakiachia. Akakibonyeza tena, ameinamisha uso karibu, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa, hadi mteja wa soksi alipomwita mara ya pili.